Nyama Niliyoiosha

Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja asubuhi, siku ya Jumamosi, nilifungua mlango wa friji ambao nilikuwa nimekataza usifunguliwe. Ulikuwa umefungwa kwa saa thelathini na nne, tangu stima ilipokatika usiku wa Alhamisi.

Tunapanga mtaa wa Wabera, katika ua wa nyumba sita zenye mita moja ya stima. Kila tarehe moja kila nyumba humpa mwenye ua mchango wake, naye hununua tokeni za mwezi. Mwezi huo tulikuwa tumempa wote, na tokeni hazikununuliwa. Ijumaa asubuhi nilipompigia hakushika. Ijumaa jioni alishika akasema yuko mbioni. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba friji isiyofunguliwa hushika baridi hadi siku mbili, kwa hiyo nilikunja karatasi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito USIFUNGUE, nikaibandika mlangoni. Baadaye niliurudia ukurasa ule. Ulizungumzia sanduku la kugandishia lililojaa nyama hadi juu. Friji yangu ni ndogo, ya mtumba, na siku hiyo ilikuwa nusu tupu. Nilisoma mstari mmoja nikaacha uliofuata, na hilo ni kosa ambalo ningemfokea kijana yeyote kazini.

Kazi yangu ni kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Shule niliiacha darasa la saba. Hesabu za stoo, Kiingereza cha barua, na kidogo ninachojua kuhusu mwili wa binadamu, nimevipata kwenye vitabu vikuukuu vinavyouzwa chini barabarani. Nasema hivi kwa sababu kitabu kimoja cha aina hiyo kimo ndani ya jambo hili.

Asubuhi hiyo nilikuwa na mgeni wa kulisha, na mgeni mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu. Aliwasili Ijumaa alasiri kutoka Garbatulla, saa nyingi za barabara mbovu, kwa sababu Jumatatu alikuwa na miadi hospitalini ya kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa, na la kulia lilimwonyesha watu kama vivuli. Miadi ya kwanza aliikosa kwa mvua, gari likalala njiani. Hii ya pili tuliingoja miezi mitano. Mke wangu alikuwa ameniambia usiku, akifunga mtandio wa kulalia, kwamba kazi yangu ya wikendi hii ni moja tu: mama yake asiondoke kabla ya Jumatatu. Anamjua mama yake. Akikasirika haongezi neno, hufunga mzigo wake.

Mke wangu huuza maziwa ya ngamia. Baada ya swala ya alfajiri huenda stendi kupokea mitungi inayoletwa na magari ya usiku, huipima, huionja, na kuipakia kwenye basi la Nairobi. Hata Jumamosi. Kabla hajatoka alisimama mlangoni akaniambia, "Tengeneza kitu na vilivyo kwa friji. Usimnunulie mkate. Anauita karatasi."

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja na hawatazamani usoni. Kwa miaka kumi na tisa tumezungumza kupitia mapazia na kuta. Siku hiyo yeye alikuwa sebuleni, mimi jikoni, na kati yetu pazia la maua ambalo mke wangu alilishona mwenyewe. Kuna watu wanaodhani heshima ya namna hiyo huwafanya watu wawe wageni. Mimi sauti ya mama mkwe wangu naijua kuliko sauti ya ndugu zangu. Najua akiwa anatabasamu na najua akiwa ameuma meno.

Nilitoa kila kitu nikakipanga mezani kwa mstari, kama ninavyofanya siku ya kuhesabu bidhaa. Kulikuwa na wali wa Jumatano katika sufuria ndogo, maharagwe yaliyochemshwa, na anjera saba za Alhamisi, mikate laini ya unga uliochachushwa, zilizokunjwa katika kitambaa. Viazi viwili vilivyochemshwa na maganda yake. Mayai matatu, nyanya mbili, nusu kitunguu, kipande cha pilipili hoho. Chupa ya maziwa ya ngamia, nusu lita. Na nyuma kabisa, mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kijani ambao juu yake nilikuwa nimeandika NYIRINYIRI pamoja na tarehe.

Wali niliunusa mara moja nikaumwaga. Wali uliolala bila baridi haujaribiwi. Maharagwe yalikuwa yametoa povu juu, nayo nikayamwaga. Anjera huchachuka tangu siku inapopikwa, kwa hiyo uchachu wa ziada haukunitisha. Viazi vilikuwa vikavu na vigumu, vizuri. Maziwa yalikuwa yameshika uchachu, lakini ya ngamia yakichachuka huwa susa, na susa ni kinywaji cha heshima. Mayai niliyatia katika bakuli la maji: mawili yakalala chini, moja likasimama wima. Linalosimama ni kuukuu lakini halijaharibika. Nilipanga kulipasua peke yake katika kikombe.

Kisha nikafungua mkebe wa kijani.

Kwa wasioijua, nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande virefu vyembamba kama mishipi, ikaanikwa kivulini hadi ikauke, ikakatwakatwa ndogo kama punje za mahindi, ikakaangwa, kisha ikafunikwa na mafuta yake ndani ya chombo. Mgeni wa maana huwekewa bakuli dogo la nyirinyiri kando ya chai. Hii ilikuwa imetoka kwa mama mkwe wangu mwenyewe, aliituma kwa gari wiki mbili kabla, na jana yake, alipokula tambi vijiko vitatu tu, alimwambia binti yake kwamba tumbo lake linaingoja nyama aliyoituma. Binti yake akamjibu kwamba friji haifunguliwi hadi asubuhi.

Ndani ya mkebe nyama ilikuwa imevaa utando wa kijivu, na ilipoguswa iliteleza. Harufu yake siielezi.

Nilifunga mkebe nikampigia simu mwenye ua. Saa kumi na mbili na nusu. Nilijua ametoka msikitini.

"Salaam aleikum, mtu wa stoo," akasema, kwa sauti ya aliyelala vizuri.

"Aleikum salaam. Stima."

"Ah, stima. Nilipitiwa, wallahi. Leo niko na harusi ya mpwa wangu. Baada ya adhuhuri nitaweka tokeni."

"Tulikulipa tarehe moja. Nyumba zote sita."

"Nani amekataa? Lakini si mna taa za sola? Giza halijaua mtu."

"Chakula changu chote kimeharibika. Kuna nyama ya mgeni humo."

Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. "Friji, friji. Baba yako alikuwa na friji? Na aliishi miaka mingapi?"

Baba yangu aliishi zaidi ya miaka themanini, na nyama ilimngoja ndani ya chombo cha ngozi kutoka mvua hadi mvua. Nilikata simu bila kuaga. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu yule, yote ya haki, na wakati huohuo nilijua kwamba kuhusu mkebe wa kijani hakuna hata moja lililofaa. Kosa la wali lilikuwa lake. La maharagwe lilikuwa lake. La nyama lilikuwa langu.

Pazia likasema, "Wewe hapo jikoni. Unapigana na nani asubuhi hii?"

Alisema kwa Kiborana, na yote aliyoyasema siku hiyo nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Na mwenye nyumba, Mama."

"Umemshinda?"

"Bado."

"Basi chemsha chai, mtamalizana baadaye. Na usisahau nyirinyiri yangu. Jana nilisikia friji yenu imefungwa kama ofisi ya chifu siku ya Ijumaa."

"Nimesikia, Mama."

Niliwasha gesi. Maziwa mabichi hayakuwamo, katika nyumba ya muuza maziwa, kwa hiyo chai ilikuwa ya rangi, nikaitia iliki na tangawizi ili isionekane maskini. Nikamenya viazi, nikavikata vipande vya mraba vilivyolingana. Nilipoinua chupa ya mafuta ya kupikia, yalikuwa yamebaki vijiko vinne. Nikasimama na chupa ile mkononi. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeyamwaga mafuta ya nundu ya ngamia, yaliyochujwa na kutiwa iliki na mwanamke asiyeona vizuri, katika shimo la taka nyuma ya ua. Zaidi ya nusu kilo. Sasa napima mafuta kwa kijiko.

Sababu ilikuwa hii. Mke wangu ana presha. Kliniki walimwambia apunguze chumvi na mafuta, na mimi nikaenda kwenye kitabu changu kuona ni mafuta yapi. Kitabu kilikuwa na picha ya mshipa wa damu uliozibwa na kitu cheupe. Chombo kilipofika kutoka Garbatulla, juu ya nyama kulikuwa na kitu cheupe hichohicho, kimeganda unene wa vidole viwili. Mke wangu alikuwa stendi. Nilipasha chombo moto, nikachuja mafuta yote, na kwa kuwa nyama ilibaki inang'aa, nikaimwagia maji yaliyochemka. Nikayamwaga, nikaimwagia tena. Kisha nikaiweka katika mkebe safi, nikaandika tarehe, nikaitia frijini, nikajiona nimefanya kazi ya daktari. Mke wangu aliporudi nilimwambia nimeihamisha.

Chakula kilitaka kupikwa. Vijiko vitatu vya mafuta, viazi hadi vikawa na ganda jembamba la kahawia. Nikavisogeza kando ya karai, nikatia kijiko kilichobaki, kitunguu na hoho, kisha nyanya na bizari kidogo. Anjera nilizipasua kwa mkono, vipande vya upana wa vidole viwili, nikavitumbukiza juu ya mchuzi ule mzito vinywe. Lile yai lililosimama nililipasua kwenye kikombe, nikalinusa, likawa zima. Nikayapiga yote matatu na chumvi, nikamwagia juu, nikafunika na kupunguza moto. Dakika nne. Susa nikaimimina katika bilauri.

Nilikuwa nimekasirika wakati wote huo, na ajabu ni kwamba mikono yangu haikukosea. Nilipofunua karai, yai lilikuwa limeshika kati ya vipande vya anjera kama saruji nzuri kati ya mawe. Niliweka kila kitu kwenye sinia, nikaiweka sinia juu ya stuli karibu na pazia, nikakohoa, nikarudi hatua nne hadi kwenye karo. Mkono ukatoka, ukapapasa ukingo wa stuli, ukaivuta sinia ndani.

Niliosha karai nikisikiliza. Alikula. Alikula kwa muda mrefu, bila haraka, na kijiko kiligonga sahani tupu.

"Chakula ni kizuri," akasema hatimaye. "Kwa mtu wa stoo."

"Ahsante, Mama."

"Anjera imepata kazi. Na susa ni ya mwanamke anayejua ngamia. Chai imepotelewa na maziwa lakini nimeisamehe. Sasa lete nyama."

Nilifikiri kusema paka. Uani kuna paka, na ana sifa mbaya. Nilifikiri pia kusema kwamba mke wangu amewapa wageni wengine. Badala yake nikasema neno ambalo lilikuwa kweli nusu, na ambalo nilijua ni nusu.

"Mama, stima ilikatika siku mbili. Nyama imeharibika."

Nilisikia bilauri ikiwekwa kwenye sinia.

"Stima," akasema. "Nyirinyiri na stima wapi na wapi?"

Nikaanza kuosha karai upya.

"Nimeila tangu sijaota meno. Nimeila Sericho wakati wa ukame, imekaa miezi minane ndani ya chombo. Hakukuwa na nguzo ya stima Sericho wakati ule. Lete huo mkebe."

"Mama, harufu yake—"

"Macho ndiyo yamekufa, si pua. Lete."

Niliuweka kwenye stuli. Mkono ukauchukua. Nikasikia kifuniko kikifunguka, kisha sauti ya vidole vikikoroga kitu chenye maji. Alikuwa anaichunguza nyama kwa vidole, kipande kwa kipande, na mimi nilisimama kama mtu anayesubiri kusomewa mashtaka.

"Mafuta yangu yako wapi?"

"Niliyatoa, Mama. Kwa sababu ya presha ya mke wangu. Daktari alisema mafuta—"

"Daktari alisema uoshe nyama?"

Nilikuwa sijasema nimeiosha.

"Umeiosha," akasema, polepole, kama anayejiambia mwenyewe. "Mtu mzima, ana mvi, ameosha nyirinyiri kama soksi. Niliikata siku mbili. Sioni, nilikuwa naipima kwa kidole gumba. Nikailinda na kunguru kwa fimbo kwa kusikia mabawa. Kama binti yangu hawezi mafuta, si angeokota nyama akaacha mafuta chomboni? Nani alikwambia yale mafuta ni chakula? Yale ni mlango."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo, na sina la kuyaongeza. Siku hiyo yalinitia hasira tu. Nilikasirika kwamba jambo rahisi hivyo halikuandikwa kwenye kitabu chochote nilichonunua. Nilikasirika kwamba nilizaliwa mjini na baba aliyelijua, na sikumuuliza. Na nilimkasirikia yeye pia, nakiri, kwa kuwa sahihi huku amekula mayai yangu.

Kisha nikasikia zipu ya mkoba.

"Mama."

"Gari la Garbatulla linaondoka saa tatu. Nina namba ya kijana wa bodaboda wa jana."

"Jumatatu una hospitali."

"Nina jicho moja linaloona vivuli. Linanitosha kuona nyumba isiyojua chakula."

Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na namba alizijua kwa kuzihesabu kwa kidole. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano. Bodaboda alifika baada ya dakika saba akapiga honi langoni, na ndipo mke wangu akapiga simu. Nyuma yake nilisikia mitungi ikigongana na watu wakibishana bei.

"Mama amekula?"

"Amekula. Anafunga mzigo."

"Kwa nini?"

"Nyama imeharibika."

"Ya friji? Si mwambie ni stima."

"Nilimwambia. Amefungua mkebe. Mafuta hayamo. Niliiosha."

Mitungi iligongana kwa muda. "Uliosha. Wewe uliniambia umeihamisha."

"Niliihamisha baada ya kuiosha."

"Nisikilize vizuri," mke wangu akasema, kwa utulivu ule anaoutumia na wachuuzi wanaochanganya maziwa na maji. "Nina mitungi kumi na minne hapa, siwezi kutoka kabla ya saa tatu. Miezi mitano, mume wangu. Akienda leo harudi tena, na lile jicho litafunga. Nikifika na hayupo, wewe na friji mtalala nje pamoja."

Akakata.

Nilitoka langoni. Kijana wa bodaboda, mtu wa miaka thelathini hivi mwenye jaketi la kijani, alikuwa ameegemea pikipiki. "Mzee, tunaenda ama hatuendi?"

"Ngoja hapa. Usimchukue mtu yeyote mpaka nirudi. Nitakulipa ya kungoja."

"Ya kungoja ni mia."

"Ni mia."

Sitaki kudai kwamba nilikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira na miguu. Duka la nyama ya ngamia liko mitaa miwili kutoka kwetu, nalo lilikuwa limefunguliwa, paja limening'inizwa, bado linatoa mvuke kidogo. Nikaomba kilo nne za paja, pasiwe na mfupa, na kilo moja ya nundu.

Muuza nyama akaniangalia. "Ya nyirinyiri?"

"Ndiyo."

"Nani atakata? Wewe?"

"Mimi."

"Haya," akasema, akafunga nyama katika gazeti huku akimwangalia mwenzake. "Mungu amsaidie ngamia."

Niliporudi, mkoba wa mama mkwe wangu ulikuwa tayari kando ya mlango wa sebule, na viatu vyake juu yake. Nilipita kwa mlango wa jikoni. Nikaweka ubao mezani, nikafungua gazeti, nikachukua kisu cha mke wangu.

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya heshima kama inavyopaswa, "gari ni saa tatu na sikuzuii. Nyama yako nimeiharibu mimi, si stima. Nimenunua nyingine. Nitaianika uani na nitaikaanga Jumatatu, na nitakutumia kwa gari, na mafuta yake juu."

Nikaanza kukata.

Nilikata kwa bidii. Nilikuwa nimeona kwa baba yangu kwamba vipande ni virefu, basi nilikata virefu. Kisu kiligonga ubao, kikagonga tena. Vipande vingine vilitoka vinene upande mmoja na kwisha kama mkia upande wa pili. Vingine vilikatika kabla ya kufika urefu wa kiganja. Niliviweka kando nikakata vingine. Nilikuwa nimefika kipande cha saba au cha nane.

"Unakata nyama ama kuni?" pazia likauliza.

"Nyama."

"Nasikia ubao. Kisu cha nyirinyiri hakisikiki kwenye ubao, nyama inazungushwa mkononi. Unakata kufuata nyuzi ama kuzivuka?"

Nikaangalia. Sikuwa nimeangalia kabla. "Nyingine kufuata, nyingine kuvuka."

"Zilizovuka zitaanguka kwenye kamba kesho, paka ale. Unene gani?"

"Kama kidole."

"Kidole cha nani?"

"Changu."

"Itaoza katikati," akasema. "Nje itakauka, ndani itaoza, na utaifunika na mafuta, na utanitumia Garbatulla, na nitakufa, na watasema ni uzee."

Nikaendelea kukata. Sasa najua nilikuwa nakata kwa ubishi, kwa sababu kila alichosema nilikuwa nakielewa na sikubadilisha chochote. Langoni honi ikapigwa mara moja, kwa ufupi.

Pazia likasogea.

Kwa miaka kumi na tisa pazia halikuwahi kusogezwa na mmoja wetu wakati mwingine yuko upande wa pili. Nilimpa mgongo haraka nikatazama karo. Nikamsikia akija kwa kupapasa, mkono kwenye ukuta, kisha kwenye friji, kisha kwenye meza. Alijifunika ushungi hadi usoni, hilo niliona kwa pembe ya jicho bila kutaka.

"Weka kisu chini. Usinipe mkononi, weka chini."

Nikaweka.

"Sasa toka."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikasimama uani, na nikasikiliza. Ubao haukusikika tena. Baada ya muda niliona kwa dirisha, ingawa nilijaribu kutoona, mishipi mirefu ya nyama ikishuka kutoka mikononi mwake, unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama utepe wa kupimia unaovutwa. Alikuwa ameketi kwenye stuli, uso ameuelekeza ukutani. Hahitaji kuona kwa kazi hiyo. Alikuwa pia anaongea, kwa sauti ya kunifikia.

"Wewe huko nje. Funga kamba upande wa kivuli, si juani. Juu kuliko paka."

"Ndiyo, Mama."

"Na mwambie huyo kijana azime pikipiki au aende. Ananipigia honi kama mimi ni shule."

"Gari ni saa tatu, Mama."

"Gari gani? Nyama inakauka siku mbili. Unataka niiache na wewe?"

Nilienda langoni. Kijana alipokea mia yake akauliza kama mama haendi tena. Nikamwambia Jumatatu asubuhi aje saa moja na nusu, safari ni ya hospitali. Akauliza kama ya Jumatatu nayo ina kungoja. Nikamwambia hapana, na nikarudi kufunga kamba kutoka nguzo ya bafu hadi kwenye mti wa mwarobaini, na nikaipima urefu kwa kunyoosha mkono juu ya kichwa.

Mke wangu alifika saa tatu na dakika kumi, akiwa na maziwa ya chai. Alisimama uani akaitazama nyama iliyoanikwa, kisha akanitazama mimi, kisha akaingia kwa mama yake. Nilisikia wakicheka. Nikasikia neno soksi. Sikucheka, wala sikuwa nimeacha kukasirika. Nilikaa na fimbo chini ya kamba ile siku nzima kuzuia kunguru, kwa amri, na jioni pia. Tokeni ziliwekwa saa kumi na moja. Friji ikaanza kunguruma, tupu. Mwenye ua nilimkata thamani ya wali na maharagwe kwenye kodi ya mwezi uliofuata, na nilipomwandikia hesabu nyama sikuiweka.

Jumatatu saa mbili kasoro robo mama mkwe wangu alikuwa kwenye benchi la hospitali, mke wangu kando yake, kidole gumba cha mama bado kinanuka iliki, kwa maana alikuwa amekataa kuondoka kabla ya kukaanga. Nundu aliichuja mwenyewe. Mkebe wa kijani aliukataa, akatafuta chombo cha bati chenye mdomo mwembamba, akakijaza, akamwaga mafuta juu hadi nyama isionekane, na kuniagiza kupitia pazia nisikiguse.

Nyama ya kwanza haina bei ninayoweza kuiandika, maana nilipomuuliza ilikuwa na thamani gani aliomba chai, na nikajua nisirudie. Ninachoweza kuandika ni hiki. Kilo nne za paja, elfu mbili na mia nne. Kilo moja ya nundu, mia nne. Kijana wa bodaboda kwa kusimama langoni, mia moja. Hasara yangu, bila mtu mwingine wa kuigawana: shilingi elfu mbili na mia tisa.